Chapa za Sanaa, Maonyesho na Mazungumzo ya Wasanii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wakazi wa Dar es Salaam, Nairobi na miji jirani wanaopenda kutazama maonyesho, wanakutana na chapa ukutani, na wanataka kujua watazame nini, waulize nini, na waanzeje kuchapa wenyewe nyumbani. Maswali yana namba ili jibu moja likupeleke kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Chapa ya sanaa ni nini hasa, na inatofautianaje na kopi ya mchoro?

Msanii wa chapa hachori moja kwa moja kwenye karatasi unayoiona. Kwanza anaandaa uso wa kuchapia: kipande cha lino (shiti laini inayochongeka kwa kisu, tazama swali la 11), ubao, bamba la shaba au skrini. Anautia wino, kisha anaukandamiza kwenye karatasi. Kila karatasi inayotoka hapo ni kazi halisi, hata kama ziko ishirini zinazofanana. Hakuna "orijino" iliyofichwa mahali pengine. Lile bamba ni kifaa, na picha ilikusudiwa tangu mwanzo iwe chapa.

Kopi ni kitu kingine. Mchoro wa rangi ukipigwa picha na kutolewa kwenye printa, hata iwe printa nzuri na karatasi nene, unapata nakala ya mchoro. Hakuna ubaya kuinunua, mradi ulipe bei ya kopi. Jinsi ya kuzitambua kwa macho iko kwenye swali la 6.

2. Kuna aina gani za chapa, na zipi zinapatikana zaidi huku kwetu?

Zigawe kwa mahali wino unapokaa. Kwenye lino na mbao, wino unakaa juu: ulichochonga kinabaki cheupe, ulichoacha kinachapa. Kwenye echingi (mistari inachimbwa kwa asidi kwenye bamba la chuma) na chapa za sindano (mistari inakwaruzwa kwa sindano) ni kinyume chake, wino unaingia ndani ya mikwaruzo na uso wa bamba unafutwa, ndiyo maana zinahitaji mgandamizo mkubwa wa mashine. Kwenye skrini, wino unapenya kwenye kitambaa chenye matundu madogo. Fundi anayechapa fulana za kampeni anatumia njia hiyohiyo. Halafu kuna monotipu: unapaka wino kwenye kioo au plastiki, unachapa mara moja, basi. Haina ya pili.

Lino na mbao ndizo zilizoenea kwa sababu hazidai mashine. Kampala, Fred Mutebi anajulikana kwa chapa za mbao zenye rangi nyingi zinazotoka kwenye ubao mmoja (njia yenyewe iko kwenye swali la 15). Nairobi, Peterson Kamwathi alijenga jina lake kwa chapa za mbao pamoja na michoro mikubwa ya mkaa. Dar es Salaam ina historia ya echingi ambayo wengi hawaijui: Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, iliwafundisha wasanii kuchapa kwa mabamba, na George Lilanga, ambaye dunia inamkumbuka kwa mashetani yake ya rangi kali, alifanya echingi hapo. Robino Ntila naye alitokea hapo akaifanya echingi kuwa kazi yake. Ukikutana na moja ya kazi hizo, usipite haraka.

3. Je, lazima niwe najua kuchora?

Hapana. Lino inapenda maumbo mazito na yenye ukingo wazi: jani, dau, sufuria, mlango wa kuchonga. Mchoraji hodari mara nyingi ndiye anayepata shida mwanzoni, kwa sababu anataka vivuli laini na lino inampa nyeusi na nyeupe tu.

## Kwenye maonyesho

4. Niende wapi kuona chapa?

Dar es Salaam, anzia Nafasi Art Space, Mikocheni, iliyoanzishwa mwaka 2008. Pana ukumbi wa maonyesho na studio za wasanii ndani ya makontena, kwa hiyo ukitoka kutazama kazi ukutani unaweza kumkuta mwenyewe akiwa kazini. Alliance Française na Goethe-Institut nazo huandaa maonyesho, Dar na Nairobi.

Nairobi orodha ni ndefu zaidi. Kwa anayetafuta mazungumzo na kujifunza kuliko kununua, NCAI (Nairobi Contemporary Art Institute), taasisi iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, ndiyo ya kwanza kwenda. Circle Art Gallery na One Off ni nyumba za kuuza sanaa. Circle pia imekuwa ikiendesha mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2013, na kazi huonyeshwa kabla ya mnada. Nenda siku hizo hata kama mfuko ni mtupu, maana utaona kazi za miongo kadhaa zikiwa pamoja. Katikati ya mji kuna Nairobi Gallery, ndani ya jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, ambako mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Kenya, umewekwa.

Wanaoishi mbali na vituo hivi wasisahau vyuo vikuu. Shule ya sanaa ya Makerere, iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, na idara za sanaa za vyuo vya Kenya na Tanzania huonyesha kazi za wanafunzi wanaomaliza. Bei zao ni za chini, na mwanafunzi ana muda wa kukueleza kila hatua.

5. Nahitaji mwaliko? Kuna kiingilio?

Kwenye majumba ya kuuza sanaa na vituo vya utamaduni, kwa kawaida unaingia bure, na siku ya ufunguzi iko wazi kwa yeyote. Makumbusho ya taifa hutoza kiingilio. Kama unataka kutazama kwa utulivu, usiende siku ya ufunguzi. Siku hiyo watu huja kusalimiana, na kuta zinazibwa na migongo. Nenda katikati ya wiki, asubuhi.

6. Nikisimama mbele ya chapa, nitazame nini?

Simama hatua tatu nyuma kwanza. Angalia jinsi nyeusi na nyeupe zilivyogawana karatasi, na jicho lako linaanzia wapi. Halafu sogea hadi sentimita thelathini hivi, uinamishe kichwa pembeni ili mwanga upige karatasi kwa mshazari. Hapo ndipo mambo yanapoonekana.

Kwenye lino, tafuta vijistari vidogo vilivyobaki ndani ya sehemu nyeupe. Ni matuta ambayo kisu kiliyaacha yakashika wino kidogo. Msanii mmoja huyafuta yote, mwingine huyaacha kwa makusudi yaonyeshe mkono ulipopita. Yakifuata umbo la kitu, kwa mfano yakizunguka shavu au kuteremka na mvua, yameachwa kwa akili. Yakienda ovyo, kuna uwezekano mkubwa ni uvivu. Kwenye mbao utaona pia nyuzi za ubao wenyewe ndani ya weusi.

Kwenye echingi, tafuta mbonyeo wa mstatili unaoizunguka picha: hiyo ni alama ya ukingo wa bamba iliyoachwa na mashine. Mistari yenyewe imetuna kidogo, kwa sababu karatasi mbichi ilisukumwa ndani ya mikwaruzo ikauvuta wino nje.

Kwenye chapa za rangi nyingi, angalia mipaka ambako rangi mbili zinakutana. Upenyo mweupe upande mmoja na rangi kupandana upande wa pili maana yake karatasi haikukaa pale pale katika mizunguko yote. Tofauti ya nusu milimita ni ya kawaida kwa kazi ya mkono. Ikifika milimita mbili, muulize msanii kama alikusudia.

Kuhusu kopi: tumia kikuza cha mara kumi, au piga picha ya karibu kwa simu kisha uivute. Ukiona vitone vidogo vya samawati, waridi, njano na nyeusi vimejipanga au vimenyunyizwa kila mahali, hiyo imetoka kwenye mashine ya ofseti (ile ya kuchapa vitabu na magazeti) au printa. Chapa ya mkono ina rangi iliyojaa, isiyo na vitone vya namna hiyo. Chapa ya skrini inaweza kukuchanganya, kwani baadhi hutumia vitone kwa makusudi, lakini hapo wino ni mzito na unaonekana umekaa juu ya karatasi.

7. Ile 4/20 iliyoandikwa kwa penseli chini ina maana gani?

Namba ya chini ni idadi ya chapa zote za toleo hilo, yaani kundi zima la chapa za picha hiyo, ya juu ni ya karatasi uliyonayo. Kwa desturi namba hukaa kushoto, jina la kazi katikati, saini kulia. Penseli hutumika kwa sababu haififii kwa mwanga na inaingia kwenye nyuzi za karatasi, hivyo kuifuta bila kuacha alama ni vigumu.

Namba 1/20 haina ubora kuliko 17/20. Karatasi nyingi hupewa namba zikishakauka, na mpangilio wake si lazima ufuate zilivyotoka. Kinachogusa bei ni namba ya chini: toleo la 10 ni adimu kuliko la 100. Herufi A/P ni nakala za msanii mwenyewe, ambazo kwa mazoea hazizidi sehemu moja ya kumi ya toleo.

8. Naruhusiwa kupiga picha na kugusa?

Picha, uliza mlangoni. Mara nyingi jibu ni ndiyo, bila flashi. Ukiiweka mtandaoni, taja jina la msanii. Kugusa, hapana, hata kama karatasi imening'inizwa bila kioo. Mafuta ya vidole hayaonekani leo, ila baada ya miaka michache yanageuka doa la njano. Kidoti chekundu kando ya kazi maana yake imeuzwa, na kwa chapa unaweza kukuta vidoti kadhaa, kimoja kwa kila nakala iliyoondoka.

## Mazungumzo ya wasanii

9. Mazungumzo huendaje, na niulize nini?

Kwa kawaida msanii huongea na mwendeshaji kwa saa moja hivi, kisha wasikilizaji wanauliza. Lugha huwa Kiingereza kilichochanganyika na Kiswahili. Uliza kwa Kiswahili bila wasiwasi, kwani wasanii wengi hufunguka zaidi hapo, hasa wakieleza kazi ya mikono.

Swali la "hii kazi ina maana gani?" huzaa jibu ambalo tayari limebandikwa ukutani. Uliza kuhusu uamuzi. Kwa nini hapa paliachwa peupe? Rangi ipi ilitangulia? Karatasi ngapi ziliharibika kabla toleo halijakamilika? Ulijuaje pa kuacha kuchonga? Hili la mwisho ni zuri sana kwa msanii wa chapa, maana kilichochongwa hakirudi. Na kama ubao au lino yenyewe ipo, omba uione. Dakika mbili na ubao uliotiwa wino mkononi zitakufundisha kuliko nusu saa ya maelezo.

Fika mapema kama kuna maonyesho ya vitendo, ukae upande wa mkono anaotumia msanii. Ukikaa upande wa pili utaona kiwiko tu.

10. Nitokeje na wazo langu mwenyewe bila kumwiga msanii niliyemwona?

Chukua jinsi alivyofanya, acha picha yake. Njia moja inayofanya kazi: ukiwa ukumbini, andika mambo matatu tu kwenye daftari. La kwanza liwe la ufundi (mfano: mvua imechongwa kwa mistari mifupi yenye ncha ya V). La pili la mpangilio (mtu yuko chini kabisa ya karatasi, juu ni anga tupu). La tatu swali ambalo kazi haikulijibu. Usichore kazi yenyewe. Kesho yake, bila kutazama picha kwenye simu, chora visanduku sita vya sentimita tano kwa tano kwa kalamu nene nyeusi, ukitumia vitu vya kwako: kituo cha daladala, genge la mboga, paa la jirani, huku ukijaribu ule ufundi na ule mpangilio. Kimoja kati ya sita huwa kinastahili lino.

Kwa kujifunza uzito wa nyeusi na nyeupe, tafuta kazi za John Muafangejo wa Namibia (1943–1987), aliyejifunza kwenye kituo cha sanaa cha Rorke's Drift, Afrika Kusini. Lino zake zina maandishi yaliyochongwa ndani ya picha, na weusi wake haukuachi upumue. Ukitaka kuona jinsi bamba linavyoweza kutoa uso wenye matuta na mabonde, tazama Bruce Onobrakpeya wa Nigeria.

Kisheria, kazi ya msanii inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, Tanzania chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na Kenya chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Ukichonga nakala ya kazi yake mezani kwako ili kujifunza kisu, hakuna atakayekutafuta. Ukiitia saini yako na kuiuza, umeingia kwenye makosa.

## Kuchapa nyumbani

11. Nahitaji vifaa gani kuanza?

Lino ya sanaa yenye unene wa milimita 3 hivi, ukubwa wa A5. Kisu cha lino chenye ncha za kubadilisha: V nyembamba, V pana, na U. Rola ya mpira yenye upana wa sentimita 8 hadi 10. Kipande cha kioo chenye kingo zilizopigwa msasa. Kijiko cha mbao chenye mgongo laini. Wino mweusi, karatasi, penseli na karatasi ya kaboni.

Tahadhari na lino. Lile zulia la plastiki la sakafuni linalouzwa kwa mita, ambalo Nairobi wanaliita mkeka wa mbao, si lino. Ni plastiki juu ya sponji, na kisu kinaivuta badala ya kuikata. Lino halisi imetengenezwa kwa mafuta ya kitani na unga wa koki (gome la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa), na nyuma ina kitambaa cha jute. Ukiikosa, nunua plaiwudi laini ya milimita 4 kwa fundi seremala, uipige msasa namba 240.

Wino wa mafuta wa mashine za ofseti unapatikana kwa wachapaji wa mitaani na unafaa. Ukiwa mwepesi mno, ongeza unga wa chaki kidogokidogo mpaka ushike kisu bila kudondoka.

Karatasi nzito ya gramu 250 kwa mita ya mraba ni ya mashine. Kwa kijiko, chukua ya gramu 80 hadi 120. Nyembamba na imara ni bora kuliko nene.

12. Hatua za kuchapa lino ni zipi?

Chora kwenye karatasi, igeuze kinyume, ihamishie kwenye lino kwa kaboni. Ukisahau kugeuza, maandishi yatasomeka kwa kioo tu. Paka lino rangi ya maji nyepesi kabla ya kuchonga, ili kila unapokata uone peupe palipofunguka.

Iweke juani dakika kumi, au ipitishe pasi ya uvuguvugu juu ya kitambaa. Lino ya joto inakatika kama inavyotakiwa, ya baridi inapasuka kingoni. Tengeneza kibao cha kuzuia: ubao wenye kipande cha mbao kilichopigiliwa chini kwenye ukingo wa mbele ili ukwame kwenye meza, na kingine juu kwenye ukingo wa nyuma ili lino iegemee. Mkono usiochonga ukae nyuma ya ncha ya kisu, sikuzote. Karibu majeraha yote ya lino ni ya mkono ule mwingine. Chonga kwa kina cha milimita moja hadi moja na nusu. Ukiona kitambaa cha jute umezidisha. Kona ikikushinda, zungusha lino, si kisu.

Weka wino kiasi cha nusu kijiko cha chai kwenye kioo, uutandaze kwa rola huku ukiinua rola kila mwisho wa mkupuo ili izunguke. Wino ukiwa sawa, rola inatoa mlio mwembamba kama selotepu inayobanduliwa polepole. Mlio wa majimaji maana yake wino umezidi. Paka lino mara kadhaa kwa tabaka nyembamba, ukibadilisha mwelekeo.

Shusha karatasi mara moja bila kuisogeza. Sugua kwa mgongo wa kijiko kwa miduara midogo kutoka katikati kwenda nje, huku vidole viwili vikishikilia karatasi. Inua kona moja uchungulie: kama pana weupe usiotakiwa, irudishe, usugue zaidi. Chapa mbili tatu za kwanza huwa hafifu kwa sababu lino mpya inakunywa wino. Zihesabu kuwa za majaribio.

Kusafisha wino wa mafuta, tumia mafuta ya kupikia na kitambaa, kisha sabuni ya maji. Huhitaji tapentaini. Vitambaa vyenye wino wa mafuta ya kitani usivifinyange ukavitupa kwenye ndoo. Vinapokauka hutoa joto, na vikiwa vimerundikwa vinaweza kushika moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

13. Chapa yangu inatoka vibaya. Tatizo ni nini?

*Mabaka meupe ndani ya weusi*: wino mdogo au kusugua kusikotosha. Kama baka liko mahali pale pale kila mara, lino ina bonde. Weka kipande cha karatasi chini yake.

*Mistari myembamba imeziba*: wino mwingi. Chapa karatasi mbili bila kuongeza wino ili uupunguze, kisha endelea na tabaka nyembamba.

*Picha ina kivuli, kama imechapwa mara mbili*: karatasi imeteleza. Hii husababishwa na kusugua kwa mikupuo mirefu, au na wino mzito mno.

*Vidoti vyeupe vyenye duara*: vumbi au chembe za lino kwenye wino. Futa kioo, anza na wino mpya. Chembe moja huharibu toleo zima ukiipuuza.

*Karatasi inachanika wakati wa kusugua*: weka karatasi ya kuokea katikati ya kijiko na chapa.

14. Joto na unyevu wa pwani vinaathiri vipi?

Sana, na kwa njia mbili zinazopingana. Wino wa maji unakauka kwenye kioo kabla hujamaliza kupaka, hasa feni ikiwa inazunguka. Izime, chapa asubuhi, na ongeza matone mawili matatu ya glisirini. Wino wa mafuta una tabia nyingine: Nairobi unaweza kukauka kwa siku tatu hivi, Dar au Mombasa msimu wa masika ukakaa wiki nzima bado unanata. Tundika karatasi moja moja kwenye kamba kwa vibanio, zisigusane, chumba kiwe na hewa inayopita. Kupanga chapa moja juu ya nyingine kwa sababu "zinaonekana zimekauka" ndiko kunakoua matoleo mengi. Gusa weusi mzito pembeni kwa kidole kwanza.

15. Nifanyeje rangi zaidi ya moja?

Unaweza kuchonga lino moja kwa kila rangi, au kutumia moja tu na kuipunguza. Kwa njia ya kupunguza, unachonga sehemu zitakazobaki nyeupe, unachapa njano kwenye karatasi zote. Unachonga zitakazobaki njano, unachapa nyekundu juu yake. Hivyo hadi rangi nzito ya mwisho. Rangi huenda kutoka nyepesi kwenda nzito.

Hakuna kurudi nyuma, maana kila hatua inaila lino ya hatua iliyotangulia. Ukitaka chapa 10 nzuri, anza na karatasi 15, kwani kila rangi itaharibu moja au mbili. Ili karatasi ikae pale pale, gundisha mezani kona mbili za kadibodi zenye umbo la L: moja inashika lino, nyingine inashika karatasi. Usichape rangi ya pili juu ya ya kwanza iliyo mbichi (swali la 14).

16. Sina lino wala hela ya lino. Kuna njia nyingine?

Pakiti ya maziwa ya muda mrefu, ile yenye rangi ya fedha ndani. Ikate, ioshe kwa sabuni, ikaushe. Chora upande wa fedha kwa sindano ya kompasi ukikwaruza utando bila kutoboa. Pale unapotaka weusi mzito, kata utando kwa wembe na uubandue, kadi iliyo chini itanywa wino.

Paka wino wa mafuta kote kwa kipande cha kadibodi, ukiusukuma ndani ya mikwaruzo, kisha futa uso kwa pazia kuukuu la neti na umalizie na karatasi laini ya kitabu cha simu au gazeti. Acha utando mwembamba wa wino. Ukifuta mno picha inakosa hewa. Loweka karatasi nene dakika kumi, ikaushe kati ya mataulo mpaka ising'ae, ichape. Mashine ndogo ya kusokota tambi inatosha kama presi (mashine ya kukandamiza). Bila mashine, kijiko kinafanya kazi, ingawa mistari itakuwa hafifu. Tarajia chapa tano hadi kumi kabla pakiti haijalegea. Kwa pesa unayotumia, hakuna njia nyingine inayokupa mstari mwembamba namna hii.

17. Watoto wanaweza?

Chini ya miaka kumi, wape sahani ya povu ya nyama ya supamaketi, iliyooshwa, wachore kwa kalamu butu na wachape kwa wino wa maji. Visu vya lino waviache mpaka watakapoweza kushika kibao cha kuzuia bila kukumbushwa.

## Kununua, kutunza na kuuza

18. Nimenunua chapa. Niitunzeje?

Ikae bapa ndani ya folda, katikati ya karatasi zisizo na asidi, hadi iwekwe fremu. Mwambie fundi wa fremu mambo matatu: kioo kisiguse karatasi, kwa hiyo kuwe na fremu ya kadi katikati, kadi isiwe na asidi, na selotepu isitumike mahali popote. Selotepu ndiyo adui mkubwa wa chapa Afrika Mashariki: inageuka kahawia na gundi yake inapenya hadi mbele. Chapa ishikiliwe kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba na gundi ya wanga juu tu, ili iweze kutanuka unyevu unapopanda.

Pwani, usiitundike kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, wala bafuni. Bandika vipande vidogo vya kizibo cha koki nyuma ya fremu ili hewa ipite. Ukiona madoa madogo ya kahawia, itoe kwenye fremu mara moja na uiweke mahali pakavu. Usijaribu kuyafuta.

19. Nataka kuuza zangu. Nianzeje?

Amua ukubwa wa toleo kabla ya kuchapa, na uandike daftari: jina la kazi, tarehe, idadi, karatasi, wino, na kila namba imeenda kwa nani. Anza na toleo dogo, 10 hadi 15. Ni aibu zaidi kubaki na 40 chini ya kitanda.

Nyumba ya sanaa ikichukua kazi zako kuziuza, mara nyingi hukata kati ya asilimia 30 na 50. Pata maandishi yanayosema asilimia ngapi, utalipwa siku ngapi baada ya mauzo, nani anagharamia fremu, na kazi zinarudi lini. Bei ya nakala iwe moja, ukumbini na nyumbani kwako. Mnunuzi akigundua anaweza kuipata nusu bei kwa kukupigia simu, nyumba ya sanaa haitakuita tena.

20. Toleo la 20 limekwisha na mteja anataka moja zaidi. Nimchapie?

Hapana. Walionunua walilipia ahadi kwamba ni 20. Nakala ya msanii (swali la 7) unaweza kumuuzia kama unayo. Au chapa toleo jipya lenye tofauti inayoonekana, kama rangi nyingine au karatasi nyingine, ulitaje wazi kuwa ni toleo la pili, na ulihesabu kivyake.

21. Lino au ubao wenyewe nifanyie nini toleo likiisha?

Kwa njia ya kupunguza, swali halipo. Lino imekwisha yenyewe. Kwa nyingine, wengi huchonga mkato mmoja wa mshazari juu ya picha, wanachapa karatasi moja yenye mkato huo kama ushahidi, na kuihifadhi na daftari la toleo. Wengine wanauza ubao wenye wino kama kazi ya kutundika. Ukifanya hivyo, uchonge mkato kwanza, na usafishe wino wa mafuta kabla haujagandamana kwenye mistari, isipokuwa kama unataka ubaki mweusi. Hapo uache ukauke wiki mbili kabla ya kuufunga kwenye karatasi.